Kipimo Namba 51: Alichofichwa John Glenn Angani

Jumanne ya tarehe 20 Februari 1962, katikati ya mwezi wa Ramadhani, watu wa Unguja walikuwa wamebakiza kama nusu saa hivi kufuturu pale Mmarekani mmoja alipopita juu ya vichwa vyao kwa mwendo wa kilomita 28,000 kwa saa. Tunguu, nje ya mji, palikuwa na kituo cha redio cha kumfuatilia, kimoja kati ya 18 vilivyotandazwa duniani kote, vingine nchi kavu na viwili kwenye meli. Daktari wa kituo alitaka kujua moyo wake unakwendaje. John Glenn, mwanaanga aliyekuwa anaizunguka dunia, aliyefungwa kwenye kiti ndani ya chombo asichoweza hata kujinyoosha, akashika kamba ya mpira iliyokuwa mbele yake, akaivuta mara moja kila sekunde kwa nusu dakika. Mapigo ya moyo yakapanda kutoka 80 hadi 124 kwa dakika, na punde yakashuka hadi 84. Tunguu ikamjibu kwamba vipimo vyote vinaonyesha afya yake ni nzuri kabisa. Chombo kikatokomea juu ya Bahari ya Hindi, na huko giza likamkuta.

Naanzia Tunguu kwa sababu ndivyo mambo yalivyopangwa kwenda. Kituo kinauliza, mtu anajibu, kisha kituo nacho kinamwambia kilichoona. Saa moja na kitu baadaye utaratibu huo ulivunjika. Walio chini wakaona jambo linalohusu uhai wake, na kwa karibu saa tatu hawakumwambia. Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi kama hadithi ya ushujaa, na ushujaa ulikuwepo. Mimi nataka tukitazame kama kisa cha habari: nani alikuwa nayo, nani aliihitaji, na kwa nini haikufika.

Kwanza chombo chenyewe. Friendship 7 ilikuwa na umbo la kengele, kitako chake hakifiki upana wa mita 2. Kitako hicho ndicho kilichokabili joto wakati wa kurudi duniani. Kilivikwa ngao ya nyuzi za kioo zilizoshikanishwa kwa resini, na ngao hiyo haishindani na moto, inakubali kuungua. Tabaka la juu linageuka mkaa na kupeperuka, linaondoka na joto lake, na tabaka la chini linabaki salama. Kati ya ngao na chombo kulikunjwa mfuko wa kitambaa cha mpira wenye urefu wa mita 1.2. Parachuti kubwa ikishafunguka, komeo zinaiachia ngao, ngao inashuka na mfuko unajaa hewa ili kupunguza kishindo cha kupiga maji. Kwa hiyo ngao haikupigiliwa moja kwa moja. Ilishikwa na komeo zilizotengenezwa makusudi zifunguke.

Nje ya ngao, katikati, lilifungwa furushi la roketi 3 za breki kwa mikanda 3 ya chuma. Roketi hizo zinawashwa ili chombo kipungue mwendo na kuanza kuanguka. Zikishamaliza kazi, furushi zima linatupwa, na ngao inabaki uchi kukutana na hewa.

Glenn alipoanza mzunguko wa pili, mhandisi mmoja katika chumba cha uongozi cha Cape Canaveral, Florida, aliona kipimo namba 51 kinasoma vibaya. Kipimo hicho kilihusu mfuko wa kutua, na kilisema komeo za ngao zimefunguka. Kama ni kweli, kilichoizuia ngao isichomoke ni mikanda ile ya furushi peke yake, na ratiba ilisema furushi litupwe dakika chache kabla ya kuingia kwenye hewa nzito. Uso wa ngao hufikia nyuzi joto 1,600 hivi za Selsiasi wakati wa kurudi. Bila ngao, chombo na aliyemo wasingefika.

Sasa mtu mwenyewe. Glenn alikuwa na miaka 40, rubani wa majaribio wa kikosi cha Marine cha Marekani, mmoja kati ya 7 waliotangazwa Aprili 1959. Kupatikana kwao kulianza kwenye makabati ya majalada: kumbukumbu za marubani 508 zilipekuliwa, 110 wakaonekana wanatosheleza masharti, na mwishowe 32 wakapelekwa kupimwa kwenye kliniki ya Lovelace huko Albuquerque na kwenye kambi ya jeshi la anga huko Ohio. Masharti yalikuwa umri chini ya miaka 40, urefu usiozidi sentimita 180, chuo cha marubani wa majaribio, saa 1,500 za kurusha ndege. Sharti hilo la rubani wa majaribio ndilo la kukumbuka katika kisa hiki. Rubani wa majaribio analipwa apande ndege ambayo hakuna anayejua vizuri itafanya nini, aone kinachokwenda kombo, akirekebishe akiweza, kisha arudi aeleze.

Mafunzo yao yalijengwa juu ya msingi huo. Johnsville, Pennsylvania, kulikuwa na mkono wa chuma wa mita 15 unaozungushwa kama pangaboi, mwanaanga akiwa kwenye kibanda mwishoni mwake. Ukizunguka kwa kasi mwili unakuwa mzito mara nane, wakati mwingine zaidi. Kifua kinabanwa mpaka pumzi inavutwa kwa vipande, na maneno yanatoka kwa kuguna. Humo humo ndani, mkono ukilemewa hivyo, mtu alitakiwa aguse swichi sahihi na kusoma mshale sahihi. Cleveland, Ohio, walikuwa na mtambo wa fremu tatu zilizopachikana, kila moja inazunguka upande wake. Unafungwa katikati, fremu zote zinazungushwa kwa pamoja hadi mizunguko 30 kwa dakika, halafu unaachiwa usukani mdogo wa mkono uzitulize mwenyewe. Macho yanacheza, dunia haina juu wala chini, na kazi yako ni kushughulika na mhimili mmoja baada ya mwingine mpaka zote tatu zisimame. Wengi waliteremka wamepauka, kichefuchefu kimewashika.

Kulikuwa pia na mazoezi ya jangwani Nevada, na ya kutoka kwenye chombo kinachoelea majini. Lakini yaliyo karibu zaidi na kisa hiki ni mazoezi ya kwenye kibanda cha kuigizia safari. Katika wiki za mwisho kabla ya kuruka, Glenn aliigiza safari 70 humo, na wakufunzi walimpandikizia hitilafu 189. Hitilafu 189! Kila moja ilikuwa na maana moja: hiki kimeharibika, wewe utafanya nini? Hakuna aliyejiuliza kama habari mbaya zingemvuruga. Kuzipokea ndiyo kazi aliyofundishwa.

Na safarini alikuwa ameshathibitisha. Mwisho wa mzunguko wa kwanza, mfumo wa kujiongoza ulianza kukosea: chombo kikawa kinageuka taratibu kulia, kama nyuzi moja na nusu kwa sekunde, kisha kinarudishwa kwa kishindo. Kijiroketi kimoja cha kugeuzia chombo kilikuwa kimegoma. Glenn akauzima mfumo huo, akashika usukani, na karibu safari yote iliyobaki akakiendesha chombo kwa mkono. Bila yeye, safari ingeweza kukatishwa baada ya mzunguko mmoja. Waliokaa chini walilijua hili walipokuwa wanaamua kumnyamazia.

Tuje kwenye chumba cha uongozi. Christopher Kraft, mwongozaji mkuu wa safari, pamoja na vijana wake wa zamu, waliamini kipimo kinadanganya. Sababu zao zilikuwa nzuri. Kama ngao imeachia, baadhi ya dalili nyingine zingeonekana, na hazikuonekana. Kwao, jambo salama lilikuwa kufuata utaratibu uliojaribiwa: washa breki, tupa furushi, rudi. Upande wa pili alikuwepo Walter Williams, mkurugenzi wa shughuli zote, na mbunifu wa chombo, Maxime Faget, aliyeulizwa maoni. Wazo lilikuwa furushi libaki. Mikanda yake ishikilie ngao mpaka hewa iwe nzito kiasi cha kuikandamiza ngao mahali pake, kisha furushi liungue lenyewe.

Kila njia ilikuwa na hatari yake, na hapa ndipo uamuzi ulipokuwa mgumu kwelikweli. Ukitupa furushi na kipimo kikawa kinasema kweli, Glenn anakufa. Ukilibakiza na kipimo kikawa kinadanganya, umepeleka kwenye moto chuma ambacho hakikutakiwa kuwepo: kinaweza kuungua upande mmoja na kukiyumbisha chombo, vipande vyake vinaweza kuijeruhi ngao nzima isiyo na kosa, na kama roketi moja haikuwaka, baruti yake italipuka chini ya kitako. Faget alisema furushi linaweza kubaki, sharti roketi zote 3 ziwe zimewaka. Ushauri huo ndio uliofuatwa.

Mimi siulaumu uamuzi huo. Kwa walichokijua saa ile, kubakiza furushi kulilinda dhidi ya lile baya lisilo na marekebisho. Kraft aliona vinginevyo, na ukweli wa kipimo ulikuja kumpa haki. Lakini mtu anayeamua gizani hapimwi kwa taa iliyowashwa kesho yake. Kosa lilikuwa kwingine.

Amri ilikwenda kwa vituo vyote kwamba wakitazame kipimo namba 51. Glenn akaanza kuulizwa maswali yasiyo na kichwa wala miguu. Meli ya Bahari ya Hindi ikamwambia ahakikishe swichi ya mfuko wa kutua imezimwa. Imezimwa, akajibu. Muchea, Australia, mwanaanga mwenzake Gordon Cooper akamuuliza swali lile lile, akaongeza kama amesikia kitu kinagongagonga. Hapana. Kituo cha kisiwa cha Canton katika Pasifiki kikateleza: kikamwambia kwamba nacho hakioni dalili ya mfuko kufunguka. Glenn akashtuka, akauliza kama kuna mtu aliyeripoti kwamba umefunguka. Akaambiwa hapana, wameombwa tu kufuatilia.

Mtazame mtu huyu. Anaendesha chombo kwa mkono, anahesabu mafuta yanayopungua, na wakati huo huo anajaribu kukisia wenzake wanaficha nini. Akajitafutia maelezo yake mwenyewe. Jua lilipomchomozea mara ya kwanza alikuwa ameona maelfu ya chembe zinazong'aa kama vimulimuli zikielea nje ya dirisha, na akadhani labda walio chini wanahofia zimetoka kwenye mfuko huo. (Safari ya Scott Carpenter, Mei mwaka huo huo, ndiyo iliyoonyesha kwamba vimulimuli hivyo ni chembe za barafu zinazobanduka kwenye ukuta wa chombo.) Hivi ndivyo inavyokuwa habari ikizuiliwa: nafasi yake haibaki tupu, inajazwa na dhana.

Niingize jambo la nyumbani hapa, kwa sababu linafanana. Kituo cha Tunguu chenyewe kilizua ugomvi tangu mkataba wake uliposainiwa mwaka 1960 kati ya Marekani na Uingereza, iliyokuwa mtawala. Wazanzibari hawakuketishwa na kuulizwa. Vyama vya siasa vikaandamana vikihofia ni kambi ya makombora inayopewa jina la sayansi. Vifaa vya Tunguu vilikuwa vya kupokea sauti na vipimo vya chombo tu, lakini nani angeamini kwa maelezo ya juu juu, tena zama zile za vita baridi? Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 wafanyakazi Wamarekani waliondoshwa kwa manowari, na mwezi Aprili serikali ya Karume ikataka kituo kivunjwe. Wanaanga waliofuata wakawa wanasikika upande huu kupitia Tananarive, Madagaska. Leo ukipita Tunguu unakutana na wanafunzi wa chuo kikuu cha SUZA.

Turudi kwa Glenn. Ilikuwa Hawaii, mzunguko wa tatu, ndipo alipoelezwa kiasi: kuna dalili kwamba mfuko umefunguka, tunashuku ni ya uongo, jaribu kuiweka swichi kwenye hali ya kujiendesha uone kama taa itawaka. Hebu fikiria ugumu wa ombi hilo. Kama umeme wa swichi hiyo ndio wenye hitilafu, kuigusa kungeweza kuifungua ngao iliyokuwa imefungwa salama. Glenn alisita kidogo, akaigusa, taa haikuwaka, akairudisha haraka.

Juu ya California roketi za breki ziliwaka moja baada ya nyingine, kila baada ya sekunde 5. Alisema ni kana kwamba anarudishwa nyuma mpaka Hawaii. Zote 3 ziliwaka, sharti la Faget likatimia. Mwanaanga Wally Schirra, aliyekuwa kwenye kituo cha California, akamwambia abaki na furushi mpaka apite Texas. Texas nayo ikamwambia abaki nalo njia yote. Akauliza sababu. Akajibiwa kwamba kwa sasa hakuna, ni uamuzi wa Cape. Akiwa amebakiza dakika chache tu, mwanaanga Alan Shepard, aliyekuwa Cape, ndiye aliyesema wazi: hatuna hakika kama mfuko wako umefunguka au la, tunaona inawezekana kurudi na furushi likiwepo.

Watetezi wa ukimya huo wana hoja mbili. Ya kwanza, Glenn asingeweza kufanya lolote; ngao iko nje, mikono yake haifiki. Ya pili, alikuwa na kazi nyingi mno ya kuendesha chombo. Ya kwanza si kweli. Furushi likibaki, mfuatano wa kujiendesha unakatika, na ilimbidi Glenn aikunje periskopu, darubini ya kutazamia nje ya chombo, kwa mkono na kuanzisha mwenyewe hatua ya mwanzo ya kuingia angahewa. Hayo ni mambo ya kufanya, na angeyapanga vizuri zaidi angepewa saa nzima kuliko dakika chache. Pia ndiye aliyekuwa na masikio ndani ya chombo. Ukimwambia anachotafuta, atakisikiliza tofauti na mtu anayeulizwa tu kama amesikia kelele. Ya pili ina uzito. Lakini mtu unayemwamini azitulize fremu tatu zinazozunguka, kisha unaogopa sentensi moja itamlemea, basi hukumwamini ulivyosema.

Warusi walikuwa wamelifikia swali hili hili mwaka mmoja kabla. Yuri Gagarin aliporushwa tarehe 12 Aprili 1961, usukani wake ulifungwa kwa namba ya siri iliyowekwa kwenye bahasha, kwa kuhofia kwamba akili yake ingeweza kuvurugika angani. Namba ilikuwa 125. Anaijua kila mtu leo kwa sababu zaidi ya mmoja kati ya wakubwa zake walishindwa kuvumilia, wakamnong'oneza kabla hajapanda. Walichomfanyia kinyume cha taratibu ndicho Wamarekani wangepaswa kumfanyia Glenn kwa taratibu.

Moto ukaanza. Mawasiliano ya redio hukatika hewa iliyo moto inapokizunguka chombo, na Glenn akabaki peke yake kwa zaidi ya dakika 4. Mkanda mmoja wa chuma ukakatika ukaning'inia mbele ya dirisha, ukaungua. Kisha vipande vikubwa vinavyowaka vikaanza kupita kioo, kimoja baada ya kingine. Furushi lilikuwa linavunjika kama ilivyokusudiwa. Lakini kwa mtu aliyeambiwa dakika chache tu zilizopita kwamba ngao yake ina mashaka, kila kipande kilikuwa swali: hilo ni furushi, au ni ngao? Alikuwa akisubiri joto mgongoni, kwa kuwa alilala chali na mgongo wake ulielekea kwenye ngao. Mikono ikaendelea na usukani. Alipopatikana tena redioni alimwambia Shepard kwamba nje ulikuwa mpira wa moto hasa.

Mafuta ya kuongozea yakaisha, chombo kikaanza kuyumba kama jani, na parachuti ndogo ikafunguka yenyewe kabla hajaifungua. Ikafuata kubwa. Mfuko wa kutua ukashuka na taa ya kijani ikawaka, mara hii kwa wakati wake. Friendship 7 ikapiga maji ya Atlantiki kama kilomita 64 kabla ya mahali palipokusudiwa, kwa kuwa hesabu hazikutilia maanani uzito uliopungua njiani. Manowari Noa ilikuwa karibu, ikakiopoa. Tangu kuruka mpaka kutua: saa 4, dakika 55 na sekunde 23.

Wahandisi walipokifungua chombo walikuta kwamba ngao haikuwahi kuachia. Swichi ndogo inayotambua kama ngao iko mahali pake ilikuwa na mhimili uliolegea, unaoweza kugusa na kuachia bila ngao kusogea. Kitu cha kuenea kiganjani kilikuwa kimewashughulisha watu wa mabara kadhaa kwa karibu saa tatu.

Kraft alitoka na funzo lake: kwamba angepaswa kusimama na watu wake wa zamu, wanaosoma vipimo na kujua vinavyokosea, na kwamba neno la mwisho safarini lazima liwe la mwongozaji mkuu. Glenn alitoka na lake, na katika mahojiano ya baada ya safari alilisema bila kuzunguka: rubani aambiwe kila kinachojulikana kuhusu chombo chake, saa ile ile kinapojulikana. Mkono wake wa kulia ulikuwa umechubuka kwenye vifundo vya vidole. Alijiumiza kwenye sitaha ya Noa, alipopiga kitufe cha kufyatulia mlango na kitufe kikamrudi, na hilo ndilo jeraha pekee alilorudi nalo.